Waya wa Bluu au Waya Mweusi: Kuchagua Kati ya Mtandao na SDI kwa Studio Ndogo Nairobi

Mweka hazina wa kanisa moja huku Eastlands alinipigia simu jioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika makaratasi mawili ya bei.

"Kijana, hawa mafundi wameniletea bajeti mbili. Moja ina waya wa bluu, nyingine ina waya mweusi. Wa bluu ni rahisi. Wewe umefanya kazi kote kuwili, hebu niambie, huo mweusi una nini cha ajabu?"

"Mzee, kutoka kamera ya nyuma hadi chumba cha mitambo ni mita ngapi?"

"Sitini na nne. Tumepima kwa kamba, kupanda darini na kushuka."

"Na ukumbini kuna skrini kubwa?"

"Mbili, moja kila upande wa madhabahu."

Nikamwomba siku mbili. Waya wa bluu ni Cat6, ule wa kompyuta, wenye jozi nne zilizosokotwa. Mweusi ni koaksi ya omu 75 (omu hupima jinsi waya unavyoikinza ishara), ndugu wa waya wa dishi, unaobeba picha ya kamera kwa mfumo wa SDI. Ukizitazama zote ni nyaya za shaba, lakini zimelelewa katika nyumba mbili zenye mila tofauti. Anayezichanganya mila hizo ndiye anayepanda ngazi Jumapili asubuhi wakati mchungaji ameshaanza kuhubiri.

Mimi nimekula katika nyumba zote mbili. Nilianzia kwenye mitambo ya kurushia matangazo, nikipanda Limuru na mkoba wa spana, kisha nikashuka mjini kuvuta mitandao ya maofisi. Kwa hivyo ninayoandika hapa si ya kumpigia debe yeyote. Nyumba ya kwanza ilinifundisha woga, ya pili ikanifundisha uvivu, na vyote viwili vina faida zake.

Nani ataomba irudiwe?

Swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua hata mita moja ni hili: kitu kikipotea njiani, kuna wa kuomba kirudiwe?

Kompyuta mbili zikizungumza, kila moja ina mdomo na ina sikio. Data hukatwa kuwa pakiti, na kila pakiti hufungwa mwishoni kwa hesabu ya biti 32. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, ikipokea pakiti ambayo hesabu yake haikai sawa, huitupa bila kelele. Upande wa pili ukiona pengo, huomba pakiti hiyo itumwe upya. Wewe uliye mbele ya skrini huoni chochote, ila ukurasa umekawia kidogo, nawe ukasema leo intaneti inasinzia.

Mtambo ulioko mlimani hauna sikio. Unatuma, basi. King'amuzi kilichoko Kayole kikikosa biti hakina njia ya kuwaambia Limuru, "Samahani, rudia hapo." Ndiyo maana watu wa utangazaji hulipa bima yote mapema. Wanaongeza nguvu ya mtambo, wanainua mnara, na katika DVB-T2, mfumo wa televisheni ya dijitali tunaotumia Kenya, wanachanganya biti za akiba ndani ya ishara ili king'amuzi kijitibu chenyewe.

SDI ni ya mita chache tu ndani ya jengo, lakini ilizaliwa katika nyumba hiyo ya mlimani. Kamera ya HD inamwaga biti bilioni 1.485 kila sekunde upande mmoja, bila kungoja jibu. Ndani yake kuna hesabu ya kukagua kila mstari wa picha, lakini hesabu hiyo inakuambia tu kwamba umeumia, haikutibu. Picha nyingine inaingia baada ya milisekunde 40 na haina muda wa kuisubiri iliyoumia.

Kwa sababu hiyo ugonjwa unaonekana tofauti. SDI ikiugua unaona vinukta vinavyometameta juu ya picha, kisha mistari, kisha giza. Kati ya picha safi kabisa na giza kabisa kuna mita chache tu za waya. Ni kama ukingo wa jabali, kwani huteremki polepole. Cat6 ikiugua inazeeka kimya kimya. Niliwahi kuitwa ofisi moja Upper Hill ambako watu walilalamika kwa zaidi ya mwaka kwamba mafaili yanachelewa. Jozi moja ya waya ilikuwa imekatwa na skrubu ya kabati. Kasi ya megabiti 1000 inahitaji jozi zote nne, lakini megabiti 100 hutosheka na mbili, kwa hivyo kifaa kilikuwa kimeshuka chenyewe hadi 100 na kuendelea na maisha. Hakuna taa iliyozimika. Kwenye SDI skrubu ile ingegundulika dakika ile ile.

Sasa, upi ni bora, waya unaopiga kelele ukiumwa au unaovumilia? Kwa barua pepe nataka unaovumilia. Kwa ibada ya moja kwa moja nataka unaopiga kelele Jumamosi jioni, nikiwa bado na ngazi.

Biti ina urefu

Hili sikufundishwa chuoni. Alinifundisha fundi mmoja mkongwe kule mlimani, kwa kalamu na nyuma ya bahasha, na tangu siku hiyo sijawahi kutazama kichwa cha waya kwa jicho lile la zamani.

Umeme ndani ya koaksi nzuri, ile yenye povu jeupe katikati, husafiri kwa karibu asilimia 82 ya kasi ya mwanga. Hiyo ni kama sentimita 25 kwa nanosekunde moja. Sasa gawanya. SDI ya mwanzo, ya picha za kawaida, ilikuwa megabiti 270 kwa sekunde, kwa hivyo kila biti ilichukua nanosekunde 3.7. Ungeweza kusimamisha muda na kuchungulia ndani ya waya, ungekuta biti zimejipanga kama mabehewa, kila behewa lina urefu wa sentimita 90 hivi. HD ilipoingia, behewa likafupika hadi sentimita 16 au 17. Katika SDI ya gigabiti 12, ile ya picha za 4K, behewa ni sentimita 2.

Shika mkononi kichwa cha BNC, kile cha mwisho wa koaksi. Kina sentimita 3 hivi. Enzi ya analogi, ishara ya picha ya PAL, mfumo wa televisheni wa wakati huo, ilifika masafa ya megahezi 5, na wimbi lake ndani ya waya lilikuwa refu kama mita 49. Sentimita 3 ni nini mbele ya mita 49? Ndiyo maana wazee wetu waliunga nyaya kwa risasi na utepe mweusi, wakapinda, wakabana na mlango, na taarifa ya habari ikaonekana. Hawakuwa na uchawi, walikuwa na mawimbi marefu. Kwenye gigabiti 12 kichwa chenyewe ni kirefu kuliko biti. Kikiwa cha omu 50 badala ya 75, biti nzima inajikuta ndani ya chumba cha kigeni.

Na hizo omu mbili ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu vichwa vya BNC vya 50 na vya 75 vinafanana na vinaingiliana. Vya 50 ni vya redio na mitambo ya kurushia, vya 75 ni vya picha. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Toa 50 kwenye 75, gawanya kwa jumla yao ambayo ni 125, unapata 0.2. Yaani moja ya tano ya volti inagonga mahali hapo na kurudi ilikotoka. Ukiihesabu kwa nguvu ni asilimia 4.

Asilimia 4 kwenye waya wa kamera ni mwangwi mdogo. Kwenye HD utapona, kwenye 4K utahangaika. Lakini kwenye mtambo wa FM wa kilowati 5, asilimia hiyo hiyo ni wati 200 zinazorudi nyumbani kama joto. Nakumbuka masika moja tuliamshwa usiku kwa sababu redio moja ilikuwa imefifia mji mzima. Tulipofika kwenye kibanda tukakuta sindano ya nguvu inayorudi imepanda, na mtambo umejipunguza wenyewe ili usiungue. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiunganishi kimoja juu ya mnara kupitia mpira uliopasuka, ufa usiozidi ukucha. Tulikivua, tukamwaga maji, matone kama kijiko cha chai. Kijiko cha chai kiliwanyima watu redio.

Baada ya miaka ya namna hiyo nilipohamia mitandao nilishangaa jinsi wenzangu walivyokuwa hawaogopi. Kijana ameketi juu ya ngazi, waya umeshikwa kwa meno, anakrimpi RJ45, kichwa cha waya wa mtandao, huku akiongea na simu, na intaneti inakuja! Nilidhani ni bahati. Si bahati. Gigabiti 1 ya Etheneti haipiti kwenye waya mmoja kwa mkupuo. Inagawanywa kwenye jozi nne, na kila jozi hubeba alama milioni 125 kwa sekunde, kila alama ikiwa na ngazi tano za volti. Alama moja inachukua nanosekunde 8. Ndani ya Cat6, ambako umeme hukimbia kama sentimita 20 kwa nanosekunde, behewa hilo ni mita 1.6, urefu wa mtu mzima. Kichwa cha RJ45 mbele yake ni kama kokoto mbele ya lori.

Gharama ya uvumilivu huo imelipwa kwingine. Kila jozi inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, kama abiria wawili kwenye matatu yenye muziki mkubwa wanaosemezana bila kupokezana. Chipu ya kila upande hukumbuka ilichosema yenyewe, hukitoa kwenye inachosikia, na kinachobaki ndicho maneno ya mwenzake. Katika nyumba ya mtandao, ustadi umehamishiwa ndani ya chipu. Katika nyumba ya utangazaji, ustadi bado uko kwenye vidole vya fundi.

Hata hivyo uvumilivu una kikomo. Ukitaka gigabiti 10 kwenye shaba, alama zinakuwa milioni 800 kwa sekunde na behewa linafupika hadi sentimita 25. Hapo Cat6 ya kawaida inaahidi mita 55 tu, na ukitaka mita 100 kamili lazima uwe na Cat6A. Kumbuka hiyo 55, tutairudia. Na kila unapochuna waya, usifungue msokoto kupita milimita 13. Ukitazama kwa makini utaona jozi ya chungwa na jozi ya bluu hazikusokotwa kwa kiasi kimoja. Wamefanya hivyo makusudi, ili jozi zisisikilizane. Fundi anayefungua sentimita 5 ili kupanga rangi vizuri ameharibu alichonunua.

Umbali

Kwa Cat6 jibu ni fupi: mita 100, kati yake 90 ndani ya ukuta na 10 za vipande vya mwanzo na mwisho. Ukizidisha unaweza kubahatika, lakini usije ukanipigia simu.

Kwa SDI hakuna namba moja, na hapa ndipo wauzaji wanapowauzia watu mbuzi kwenye gunia. Kinachohesabiwa ni ishara imedhoofika kiasi gani katika masafa ya nusu ya kasi ya biti. Kwa HD hiyo ni megahezi 742.5. Kanuni ya zamani inayotumika bado inasema usipoteze zaidi ya desibeli 20 hapo, desibeli ikiwa kipimo cha ishara kudhoofika. Koaksi nzuri ya kipimo cha RG6 hupoteza karibu desibeli 20 kwa mita 100, kwa hivyo unafika mita 100. Ile nyembamba, laini, inayopendwa kwa sababu inapinda vizuri, hupoteza kama desibeli 30 kwa umbali huo, na mita 64 inakuweka pembeni kabisa mwa jabali. Na ukipanda kutoka HD hadi picha za 1080 zenye fremu 50 kamili kwa sekunde, kasi inakuwa gigabiti 2.97 na hata ile nene hushuka hadi mita 70 na kitu. Vipokezi vya kisasa huvuta zaidi ya hapo, lakini mimi huo ujana wao nauweka akiba ya siku ya joto na vumbi.

Kati ya jengo na jengo, usinisumbue na shaba ya aina yoyote. Weka faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga. Haibebi radi, haibebi tofauti za umeme, na faiba ya modi moja hupoteza desibeli isiyofika nusu kwa kilomita nzima. Fungua mkebe, unganisha, nenda nyumbani.

Kisu pale Luthuli

Ukienda Luthuli Avenue kununua roli ya Cat6 utakuta bei mbili kwa boksi zinazofanana. Ya rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Beba kisu kidogo, omba kipande, kwangua. Shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani, ile nyingine inageuka nyeupe kwa mikwaruzo miwili. Muuzaji anayekataa kisu amekujibu tayari.

Ubaya wake si kasi peke yake. Alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya shaba, na siku hizi waya wa mtandao hubeba pia chakula cha kamera, umeme unaotoka kwenye swichi. Kiwango kinachotumika sana kwa kamera zinazogeuka hutoa wati 30 kwenye swichi na kuahidi wati 25.5 zikifika. Kwenye alumini hazifiki zote, zinabaki darini kama joto ndani ya fungu la nyaya. Kamera inawaka vizuri, ikigeuza shingo inazimika. Nimeiona hiyo sinema.

Sasa ajabu ni kwamba udanganyifu ule ule kwenye waya wa dishi si udanganyifu. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo umeme unavyojisogeza kwenye ngozi ya waya. Kwenye megahezi 742 unatumia kina cha mikromita 2.4 tu, zaidi ya mara 20 chini ya unene wa unywele. Kwa hivyo viwanda vinavyoheshimika hutengeneza koaksi ya televisheni yenye chuma katikati na shaba juu, na picha inapita bila kujua kwamba imetembea juu ya chuma. Tatizo linarudi pale waya huo unapolazimika kubeba umeme wa volti 13 au 18 hadi kwenye dishi la mbali. Kwa SDI hata hivyo nunua shaba tupu katikati, kwa sababu ishara yake ina masafa ya chini pia, na kipokezi kinarekebisha kwa kudhani waya ni shaba.

Umeme unaojipenyeza

Koaksi ina ngao ya nje, na ngao hiyo inafunga mwili wa kamera na mwili wa mitambo kuwa kitu kimoja. Ikiwa jukwaa linalishwa na fezi moja na chumba cha mitambo fezi nyingine, au nusu iko kwenye jenereta, tofauti yote ya udongo hutembea kwenye ngao. Kwenye ukumbi mmoja nilishika BNC kwa mkono wa kulia, rafu ya chuma kwa wa kushoto, nikatupwa kitako mbele ya kwaya iliyokuwa mazoezini. Walicheka kwanza, wakaomba baadaye. Enzi ya analogi kosa hilo lilijitangaza, ukiona mkanda mmoja mweusi ukipanda polepole juu ya picha, huo ni hezi 50 ya umeme wa stima. SDI huficha mkanda huo, halafu huunguza tundu la kifaa.

Cat6 hapa inashinda bila ubishi. Kila tundu la Etheneti lina transfoma ndogo inayotenganisha pande mbili, iliyojengwa kuhimili volti 1500. Na waya wenyewe ni jozi: kelele ikiingia inazigonga nyuzi zote mbili sawasawa, na kipokezi husoma tofauti yao tu. Kama jengo lina umeme wa kuungaunga na hakuna wa kuurekebisha, hiyo peke yake inaweza kuamua.

Kuchelewa, na skrini mbili za mzee

Kwenye koaksi ya mita 64 picha inachelewa nanosekunde 260. Hakuna jicho wala sikio linalojua hilo.

Kwenye mtandao, kwanza kuna hesabu isiyokubali. HD isiyobanwa ni gigabiti 1.485 na waya wako ni wa gigabiti 1. Ama unapanda hadi gigabiti 10, na mita 64 zinavuka zile 55 za Cat6, ama unabana picha. Mfumo wa NDI, ulioletwa na NewTek mwaka 2015, hubana HD hadi kama megabiti 100 au 150, na kamera tatu zinaingia kwenye gigabiti moja bila kusukumana. Lakini kubana kunakula muda, fremu moja au zaidi, na mikisa, ile ya kuchagua na kuchanganya picha, nayo inakula yake, na skrini yake. Fremu moja ya picha 25 kwa sekunde ni milisekunde 40. Zikifika tatu, nne, mwumini wa safu ya pili anamwona mchungaji akifunga mdomo, halafu mchungaji wa kwenye skrini ndiye anafunga wake. Mtazamaji wa nyumbani hajui lolote, kwa sababu sauti yake unaweza kuichelewesha ilingane. Sauti ya mdomo wa mchungaji ukumbini huwezi kuichelewesha.

Studio kubwa za dunia zina njia ya kupitisha picha isiyobanwa kwenye mtandao na saa zinazolingana hadi chini ya mikrosekunde, kwa viwango vilivyotoka 2017. Swichi zake si za bajeti ya harambee. Na angalia usidanganyike na kijisanduku kinachobeba picha kwenye Cat6 kwa kutumia RJ45 bila kuwa mtandao. Ukikichomeka kwenye swichi hakitafanya kazi. Kichwa ni kile kile, lugha nyingine.

Hewani kidogo

Kuna wanaouliza kama Wi-Fi inaweza kuondoa waya kabisa. Wanaokumbuka analogi, kabla haijazimwa Nairobi Februari 2015 na vituo vikubwa kutoweka hewani kwa majuma kadhaa, wanakumbuka vivuli: msomaji habari na pacha wake hafifu kulia kwake. Wimbi liligonga jengo refu mjini, likafika kwako kwa njia ndefu. Njia ikizidi kwa mita 300, linachelewa mikrosekunde 1, na kwenye skrini ya upana wa sentimita 50 kivuli kinakaa sentimita 1 pembeni. DVB-T2 ilijengwa kumeza miangwi hiyo. Inaweza kuvumilia kuchelewa kwa mikrosekunde mia kadhaa, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 za njia ya ziada. Wi-Fi ya kawaida huvumilia mikrosekunde 0.8, kama mita 240. Moja ilichorwa ikifikiria mkoa, nyingine ikifikiria sebule. Ndani ya ukumbi wa mabati wenye simu 600 mifukoni, kila moja ikiomba zamu ya kusema, usinitajie kamera ya Wi-Fi.

Na wale wanaopima kati ya kurusha hewani na kurusha mtandaoni: mtambo wa mlimani haujui kama wanaotazama ni 10 au laki moja, gharama ni ile ile. Mtandaoni kila mtazamaji anapewa nakala yake, na watu 1000 wa megabiti 2 ni gigabiti 2 ambazo lazima zitoke kwenye mitambo ya mtu. Kanisa la watazamaji mia tatu halihitaji mlima.

Nilichomwambia

Nilimpigia Alhamisi. Kama ukumbi usingekuwa na skrini, ningemwambia achukue bluu bila kusita, kwa maana waya mmoja ungebeba picha, umeme wa kamera, amri za kuigeuza na maongezi ya mpiga picha. Kwa skrini mbili kando ya madhabahu, picha zipite kwenye mweusi: nyaya tatu nene za kamera na ya nne ya akiba, zote omu 75, vichwa vya kukrimpi, si vile vya kuzungusha kwa mkono. Fundi wa umeme alishe jukwaa na chumba cha mitambo kutoka fezi moja kabla kamera ya kwanza haijachomekwa.

"Kwa hivyo bluu turudishe?"

"Hapana mzee. Roli moja ya bluu ipitie darini hapo hapo, ya kuzigeuza kamera na ya kutoa matangazo mtandaoni."

Akanyamaza, nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Sasa mimi mwenyewe ndiye nitaenda Luthuli Jumamosi. Hicho kisu, kiwe cha namna gani?"